Tovuti mbili za anga: moja ya leo, nyingine ya miaka

Tovuti ninazozizungumzia ni mbili, zote za bure, na hakuna inayodai barua pepe wala namba ya simu kabla hujaingia. Ya kwanza ni earth.nullschool.net, ile yenye tufe la dunia lililofunikwa na mistari ya upepo inayotiririka. Kama umewahi kurushiwa picha ya kimbunga kwenye kundi la WhatsApp, huenda ilitoka huko. Ya pili ni Climate Reanalyzer ya Chuo Kikuu cha Maine, Marekani. Hii haina urembo. Ni grafu juu ya grafu, na ukiifungua mara ya kwanza unaweza kudhani umeingia kwenye daftari la mhasibu.

Nafundisha jiografia sekondari, na zote mbili nazitumia darasani kwa projekta. Hukumu yangu naitoa mapema ili asiye na muda asilazimike kufika chini: tufe la upepo ni bora kabisa kwa kuonyesha hali ya hewa, ila watu wengi hulifunga wakiamini wameona tabianchi. Tabianchi iko kwenye ile ya pili, ambayo wanafunzi wangu wakiiona wanaguna.

Nianze na tufe. Lilitengenezwa na Cameron Beccario, likatoka mwaka 2013, na hadi leo sijaona jingine linalolifikia kwa usafi wa kazi. Skrini nzima ni dunia. Unabofya neno "earth" pembeni, menyu inajitokeza: upepo, joto, unyevu, mgandamizo wa hewa, mikondo ya bahari, mawimbi, vumbi. Unaweza kuchagua kimo pia, kuanzia usoni mwa dunia hadi tabaka la 10 hPa (hPa ni kipimo cha mgandamizo wa hewa, nao hupungua kadiri unavyopanda), takriban kilomita 30 juu. Ukigusa mahali popote, duara dogo la kijani linakaa pale na unaandikiwa upepo unatoka upande gani na kwa kasi gani. Tarehe inarudishwa nyuma kwa miaka kadhaa, au kusogezwa mbele siku chache.

Kuna mambo mawili ambayo tovuti hii haikwambii kwa sauti ya kutosha. La kwanza, unachokiona si picha ya kamera. Ni hesabu ya kompyuta. Takwimu za upepo na joto zinatoka kwenye modeli ya Marekani iitwayo GFS, inayokokotolewa mara nne kwa siku kutokana na vipimo vya satelaiti, puto, meli, ndege, maboya na vituo vya nchi kavu. Pale ambapo hakuna kipimo, modeli inajaza kwa kanuni za fizikia. La pili linawashangaza hata walimu wenzangu: ile mistari inayotembea haionyeshi muda ukipita. Ni upepo wa saa moja uliosimamishwa, halafu vijichembe vya kuchora vinapitishwa juu yake ili jicho lione mwelekeo. Ukikaa ukiangalia kimbunga kinazunguka kwa dakika kumi, hujaona dakika kumi za kimbunga. Umeangalia saa ileile moja kwa dakika kumi. Kila somo naanza kwa kulisema hili, la sivyo utasikia mtu anasema kimbunga kimegoma kusogea.

Ukishalijua hilo, tufe hili linafundisha kuliko kitabu chochote nilichowahi kugawa. Mfano wangu mkuu ni Bahari ya Hindi. Weka tarehe yoyote ya katikati ya Julai, kimo cha 850 hPa, kama mita 1,500 juu ya bahari, kisha zungusha tufe hadi pwani ya Afrika Mashariki iwe katikati. Utaona mto wa upepo unatoka kusini-mashariki, karibu na Madagaska, unafika ikweta ukiwa unajipinda, unapita ubavuni mwa Somalia kwa kasi kubwa, kisha unaelekea India ukitokea kusini-magharibi. Hiyo ni kusi, tena imekamilika mwanzo hadi mwisho. Sasa usibadilishe chochote ila tarehe: weka katikati ya Januari. Upepo umegeuka. Unashuka kutoka Arabia na India kwenda kusini-magharibi, umepungua nguvu, na ndiyo kaskazi. Fanya hivyo kwa Julai na Januari za mwaka uliotangulia, na wa kabla yake. Siku mbili hazifanani kamwe, lakini Julai zote zinaelekea huku na Januari zote zinaelekea kule.

Ninapofika hapo huwa nanyamaza kidogo niwaachie wenyewe, kwa sababu ndipo mada nzima ilipo. Kasi ya upepo wa Julai 15 ya mwaka huu pale kisiwa cha Socotra, mashariki ya Pembe ya Afrika, ni hali ya hewa. Kwamba Julai upepo pale ni wa kusi, mwaka baada ya mwaka, hadi wenye majahazi waliweza kupanga safari ya Arabia na India na kurudi kwa kufuata miezi, ni tabianchi. Na sababu yake haibadiliki kila siku: bara la Asia linapata joto haraka wakati wa kiangazi cha kaskazini, hewa juu yake inapanda, mgandamizo unashuka, na hewa ya baharini inavutwa kwenda huko. Kipupwe kikifika bara linapoa kuliko bahari, na mambo yanageuka.

Kwa wale wanaopenda kuchimba zaidi, kwenye tarehe hiyohiyo ya Julai badilisha kutoka hewa kwenda bahari na uchague joto la uso wa maji. Pwani ya Somalia, karibu na nyuzi 10 kaskazini ya ikweta, utakuta ukanda wa maji baridi ambao kwa mtazamo wa kwanza hauna haki ya kuwa pale. Kusi inasukuma maji ya juu yaende mbali na pwani, ya chini yenye ubaridi yanapanda kuziba nafasi. Maji baridi hutoa mvuke kidogo, na hiyo ni sehemu ya sababu kwa nini ufuko ule ni mkavu ilhali bahari iko palepale mlangoni. Kisha fungua mikondo: mkondo wa Somalia wenyewe unageuka kufuata msimu. Mikondo mikubwa inayogeuza mwelekeo wake kabisa namna hiyo ni michache sana duniani.

Kwa mfumo mkubwa zaidi, vuta tufe nyuma. Ikweta inapokea joto la jua kuliko linalorudi angani kutoka pale, ncha za dunia kinyume chake, na hewa na bahari ndizo zinazobeba ziada hiyo kuipeleka kwenye upungufu. Kwenye tufe utaona pepo za biashara, zile za kudumu zinazovuma kuelekea ikweta, za pande mbili zikikutana karibu nayo. Hapo hewa hupanda, hupoa na kumwaga mvua. Ikishaishiwa maji inasafiri juu kwa juu na kushuka tena karibu na nyuzi 30 kaskazini na kusini, kavu. Mwingereza George Hadley alilieleza wazo la mzunguko huu mwaka 1735 akiwa hana satelaiti wala puto. Chagua jumla ya mvuke uliomo angani na utaona mikanda mikavu ikipita kwenye Sahara, Arabia, Namib, Atacama na katikati ya Australia, kila moja kwenye latitudo inayokaribiana na mwenzake wa upande wa pili wa ikweta. Majangwa hayakuangukia pale kwa bahati mbaya. Panda hadi 250 hPa, kimo cha ndege kubwa za abiria, na utaona mikondo ya upepo wa kasi ikienda mashariki kwa mawimbi. Ndiyo sababu ndege ya kutoka New York kwenda London kwa kawaida hufika mapema kuliko inayorudi.

Malalamiko yangu juu ya tufe ni machache lakini yana uzito. Milima haitendewi haki humu. Modeli ya dunia nzima inagawa ardhi katika vyumba vyenye upana wa kilomita nyingi, na ndani ya kila chumba kilele na bonde vinapigwa wastani. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila kilomita unayopanda. Quito, mji mkuu wa Ekuador, yenye mwinuko wa mita 2,850 na iliyo jirani kabisa na ikweta, ina wastani wa mwaka wa nyuzi 14 au 15, wakati Manaus ya Brazili iliyoko nyuzi 3 tu kusini ya ikweta lakini bondeni inacheza kwenye 27. Ukigusa mteremko wa mlima kwenye tufe, namba utakayopewa huenda isiwe ya kilele wala ya bondeni. Kwa bahari na tambarare itumie kwa amani. Kwa milimani, isome kwa tahadhari.

Pia tufe halikupi kumbukumbu. Tarehe zinarudi hadi karibu na mwanzo wake tu, na huwezi kuliambia likuonyeshe Julai ya kawaida ikoje. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linapima kawaida ya mahali kwa wastani wa miaka 30, na kipindi kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020. Siyo wastani peke yake: ni pamoja na kujua joto linaweza kupanda hadi wapi, mvua inaweza kukatika kwa muda gani, na yasiyo ya kawaida huja mara ngapi. Hayo huyapati kwa kuangalia leo, hata kama leo imechorwa vizuri kiasi gani.

Hapa niteme nyongo kidogo. Kwenye simu yangu kuna programu ya hali ya hewa, jina nalihifadhi, inayonipa utabiri wa siku 45 mbele. Siku ya 38 inaniambia mvua itanyesha saa tisa alasiri. Huo ni utani. Mwaka 1961 mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz, pale chuo cha MIT, Marekani, alirudia hesabu ya kompyuta akaingiza 0.506 badala ya 0.506127, na baada ya muda anga yake ya mfano ikawa haina uhusiano wowote na ile ya mwanzo. Kosa dogo la kipimo hukua, na anga halisi haipimwi kwa ukamilifu. Kikomo cha kutabiri siku moja moja ni takriban wiki mbili. Ninachokipenda kwenye tufe la Beccario ni kwamba linaishia siku chache zijazo na haliigizi.

Sasa Climate Reanalyzer. Ukurasa ninaoutumia ni mmoja hasa: grafu ya joto la hewa la kila siku. Chini kuna miezi Januari hadi Desemba, pembeni kuna nyuzi joto, na kila mwaka kuanzia 1940 una mstari wake mwembamba. Mistari zaidi ya themanini imelaliana. Miaka ya karibuni ina rangi ya kuonekana, ya zamani imefifia, na unaweza kubofya mwaka kwenye orodha ukauwasha au kuuzima. Takwimu ni za ERA5, mkusanyiko wa kituo cha Ulaya cha ECMWF, ambao unachukua vipimo vyote vya zamani vilivyopatikana na kuvipitisha kwenye modeli moja ya kisasa ili anga ya kila saa ijengwe upya, tangu 1940. Maana yake unaweza kulinganisha 1953 na leo bila kuhofia kwamba kilichobadilika ni hesabu, ingawa vipimo vya kabla ya satelaiti vilikuwa vichache, hasa kusini mwa dunia, na ni haki kuusoma mwanzo wa grafu kwa uangalifu zaidi.

Kitu cha kwanza ninachowauliza wanafunzi: mbona mstari wa dunia nzima una mlima katikati? Wastani wa 1991 hadi 2020 kwa Januari ni kama nyuzi 12.4, kwa Julai kama 16.2. Karibu nyuzi 4 za tofauti, kwa dunia nzima! Wengi hujibu kwamba dunia huwa karibu na jua mwezi wa saba. Kumbe ni kinyume: dunia huwa mbali zaidi na jua mwanzoni mwa Julai na karibu zaidi mwanzoni mwa Januari. Jibu limo kwenye orodha ya maeneo upande wa juu. Chagua nusu ya kaskazini: mstari unapanda na kushuka kwa nguvu. Chagua nusu ya kusini: mawimbi ni mafupi, na yameelekea upande mwingine. Kusini, bahari inafunika takriban asilimia 81 ya uso. Kaskazini asilimia 61. Nchi kavu hupata joto upesi na kulipoteza upesi, maji hukawia kwa yote mawili. Kwa hiyo kiangazi cha kaskazini ndicho kinachouburuta wastani wa dunia yote. Grafu moja, mibofyo mitatu, na mtoto ameelewa kwa nini miji ya pwani na ya bara haifanani hata ikiwa kwenye latitudo moja. London na Calgary ya Kanada zote ziko kama nyuzi 51 kaskazini. Januari ya London ni ya mvua na koti. Ya Calgary kwa kawaida iko chini ya sifuri.

Halafu naenda Aktiki, eneo la ncha ya kaskazini, na huu ndio ukurasa ninaoupenda kuliko yote. Miezi ya baridi, mistari ya miaka imetawanyika, na ya karibuni imejitenga juu kwa pengo ambalo halihitaji maelezo. Eneo lile limekuwa likipata joto karibu mara nne ya kasi ya dunia tangu 1979. Lakini sogeza jicho hadi Juni na Julai: mistari inabanana na kuwa kama mmoja. Kwa nini? Kwa sababu barafu inapoyeyuka, joto linalofika linatumika kuyeyushia, na hewa juu yake hunata karibu na sifuri. Joto lipo, ila limeingia kwenye kazi ambayo kipimajoto hakiioni. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza itakuwaje barafu ikiisha. Nikamwambia atazame grafu hiyohiyo kila mwaka.

Ukanda wa tropiki, kinyume chake, karibu hauna majira. Mstari umelala. Lakini humo ndimo miaka ya El Niño inapojitokeza, ikipanda juu ya wenzake mzima mzima: 1998, 2016, 2024. Maji ya Pasifiki ya kati na mashariki yakipata joto kupita kawaida kwa miezi kadhaa, hewa ya tropiki nzima inafuata, na mvua inahama makazi yake. Hapa narudi kidogo kwenye tufe, kwenye chaguo la tofauti ya joto la bahari na kawaida. Weka Oktoba au Novemba 2019 na utazame Bahari ya Hindi: upande wa magharibi, wetu, umeiva, upande wa Sumatra, Indonesia, umepoa. Miezi ile Afrika Mashariki ilipata mafuriko na Australia ikaungua. Kilichobadilika siyo jua wala umbo la mabara. Ni bahari moja kubadilisha mpangilio wa joto lake kwa msimu mmoja, na maeneo mawili yaliyotenganishwa na maelfu ya kilomita yakalipia kwa njia mbili tofauti. Yapo mambo ya namna hiyo katikati, marefu kuliko hali ya hewa na mafupi kuliko tabianchi, na vitabu vyetu vya shule huyaruka.

Kuna grafu ya pili ya joto la uso wa bahari, kati ya nyuzi 60 kaskazini na 60 kusini. Washa mwaka 2023 na uzime mingine yote ya karibuni. Kuanzia Machi mstari unajitenga na kubaki juu ya kila mwaka uliotangulia, na rekodi za kila siku ziliendelea kwa zaidi ya mwaka mzima. Nilikuwa nikiifungua asubuhi kabla ya kipindi kama wengine wanavyofungua matokeo ya ligi.

Dosari kubwa ya tovuti hii ni jinsi inavyokuacha na vipimo vya kawaida vilivyo tofauti. Kwenye grafu kuna mstari wa wastani wa 1979 hadi 2000, na mwingine wa 1991 hadi 2020. Ramani za siku hulinganisha na kipindi cha kwanza. Vyombo vya habari vinalinganisha na 1850 hadi 1900, kabla viwanda havijatapakaa. Matokeo yake, mwaka huohuo 2024 kwenye takwimu za ERA5 unaweza kuusikia ukiwa nyuzi 0.72 juu ya kawaida (ya 1991 hadi 2020), au nyuzi 1.60 juu ya kawaida (ya 1850 hadi 1900), na yote mawili ni kweli. Wanaopenda kubisha mitandaoni wanalishwa vizuri na mkanganyiko huu. Tovuti ingeweka maandishi makubwa zaidi ya kipindi gani kinatumika, nusu ya ugomvi ungeisha. Sasa hivi yameandikwa kwa herufi ndogo ambazo projekta yangu inazimeza.

Na kabla hujasema nyuzi moja na nusu ni nini, kwani kutoka asubuhi hadi mchana joto linapanda nyuzi kumi: hiyo ni ya mahali pamoja kwa siku moja. Wastani wa dunia nzima hauchezichezi namna hiyo. Wakati wa zama za mwisho za barafu, miaka kama 20,000 iliyopita, barafu ilifunika sehemu kubwa ya Kanada na kaskazini mwa Ulaya, na wastani wa dunia ulikuwa chini kwa nyuzi 5 hadi 7 hivi tu. Mlipuko wa volkano ya Pinatubo, Ufilipino, wa 1991 ulirusha salfa juu angani na kuushusha wastani kwa karibu nusu nyuzi kwa mwaka mmoja au miwili, na lilikuwa jambo kubwa.

Swali linalobaki kila mara ni la haki kabisa: kama hamwezi kutabiri siku ya 38, mnathubutuje kusema habari za 2080? Jibu nalionyesha kwenye grafu ileile. Hakuna mtu anayejua Paris itakuwa nyuzi ngapi tarehe 20 Julai ijayo. Lakini hakuna anayebisha kwamba Julai ya Paris itakuwa na joto kuliko Januari yake, na angeweza kuweka dau miaka 50 mapema. Majira hayategemei wingu lilianzia wapi juzi. Yanategemea kiasi cha nishati kinachoingia na kutoka. Ongezeko la gesi zinazozuia joto ni jambo la aina hiyohiyo. Bila gesi hizo uso wa dunia ungekuwa na wastani wa nyuzi 18 chini ya sifuri badala ya takriban 15 juu yake, kwa hiyo hazina ubaya kwa asili. Ila kaboni dayoksaidi ilikuwa sehemu 280 hivi katika milioni kabla ya viwanda, ilikuwa kama 315 mwanasayansi Charles David Keeling alipoanza kuipima kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, na sasa imevuka 420. Modeli za tabianchi hazisemi mvua itanyesha lini. Zinasema mambo yameinamia upande gani.

Kwa upande wa matumizi: tufe ni zito kwenye simu kuukuu, linapasha betri na kula bando, hivyo fungua kwenye kompyuta ukiweza. Climate Reanalyzer ni jepesi ila skrini ya simu hailitoshi, kwani mistari inakuwa uzi mmoja mnene na kubofya mwaka kunahitaji kidole cha mtoto. Lugha ni Kiingereza kwa sehemu unazozihitaji, lakini maneno ya kujua hayazidi ishirini. Nimeyaandika kwenye karatasi na kubandika ukutani.

Kitu ninachokikosa kwenye zote mbili ni mvua ya miaka mingi. Joto limehudumiwa vizuri, mvua imeachwa. Tufe linakupa mvua ya saa tatu. Hiyo haikusaidii kueleza kwa nini Cherrapunji, India, inapata zaidi ya milimita 11,000 kwa mwaka wakati ng'ambo ya milima hiyohiyo mvua inapungua sana. Kwa kazi hiyo nawatuma wanafunzi kwenye Climate Change Knowledge Portal ya Benki ya Dunia, ambako utapata mvua na joto la kila mwezi kwa kila nchi kwa kipindi cha 1991 hadi 2020. Inafanya kazi, ila angalia: wastani wa nchi nzima unaficha mengi. Chile ina Arica, ambako kwa kawaida hainyeshi hata milimita moja kwa mwaka, na ina kusini kwenye misitu inayolowa mwaka mzima. Namba moja ya nchi haimhusu mtu yeyote wa pande zote mbili. Chagua mkoa.